Siku tuliyomgongea Fátima daku

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mapokezi kwenye hoteli ndogo ya Mji Mkongwe. Mwezi wa Ramadhani nilipewa na kazi ya kuorodhesha wageni wanaofunga, ili mpishi ajue ni milango ipi ya kugonga wakati wa daku. Siku moja ikaja pasipoti ya Brazili: Maria de Fátima. Sikumwuliza mtu. Macho yalitua kwenye Fátima yakaridhika, ile Maria nikaipita kama vile haikuandikwa. Saa tisa usiku mpishi wetu, mzee wa Kipemba, alipanda ngazi na kugonga: "Bi Fatma! Bi Fatma, daku!"

Akatoka mama wa makamo, shuka mabegani, rozari shingoni, akidhani nyumba inaungua.

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Alicheka mpaka akatoa machozi. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, chake na changu, aliniambia kwamba alizaliwa tarehe 13 Mei na mama yake alikuwa ameweka nadhiri. Basi. Aliyasema hayo kama mtu aliyekwisha maliza maelezo, na kwao Brazili nadhani yangetosha kweli. Mimi sikuambulia kitu, na tangu siku hiyo jina hilo halijaniacha.

Fumbo lote limo katika hako ka "de". Ni "wa" tu: Maria wa Fátima. Na Fátima hapo si mtu, ni mahali, kijiji cha Ureno upande wa Ourém, kaskazini ya Lisbon. Tarehe 13 Mei 1917 watoto watatu waliokuwa wakichunga kondoo, Lúcia wa miaka 10 na binamu zake wadogo Francisco na Jacinta, walisema wamemwona Bikira Maria. Oktoba ya mwaka huohuo watu maelfu kwa maelfu walikuwa wamesimama kwenye matope ya kijiji hicho wakitazama juu, wakingoja muujiza. Francisco na Jacinta hawakukua. Homa kubwa ya mafua iliyozagaa wakati ule iliwamaliza, mmoja 1919, mwingine 1920. Lúcia akawa mtawa na kuishi hadi 2005. Mwaka 1930 askofu wa Leiria alitamka kwamba maono yale yanastahili kuaminiwa, na jina la kijiji likawa linamwagwa maji ya ubatizo kutoka Porto hadi São Paulo.

Wakatoliki wa huko wana mazoea ya kumpa binti si jina la Maria peke yake bali na sifa yake au mahali pake. Wareno wana Maria da Conceição, Maria de Lourdes. Kwa Wahispania Maria mara nyingi hudondoka njiani, ikabaki sifa tupu: Pilar, yaani nguzo, Dolores, maumivu, Soledad, upweke. Kumwita mtoto Upweke! Lakini nani wa kucheka, sisi wenye akina Shida, Tabu na Mashaka?

Ukichimba zaidi unakuta Kiarabu kimelala humo. Bikira mlinzi wa Madrid anaitwa Almudena, jina ambalo wasichana wengi wa Hispania wanalo, nalo latokana na al-mudayna, ngome ya mji. Guadalupe, jina la Bikira mwingine wa Hispania, inaanza na wadi, neno la Kiarabu la bonde la mto. Bibi wa Kihispania anakwenda misa ya alfajiri na Kiarabu kwenye kitambulisho chake, wala hana habari.

Fatima lenyewe halihitaji kuelezwa sana kwa msomaji wa pwani. Ni binti wa Mtume, mke wa Ali, mama wa Hassan na Hussein. Mzizi wake ni kumlikiza mtoto, kumwachisha ziwa. Lakabu yake mojawapo ni Batuli, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote: al-Batul Waislamu humwita pia Mariamu, mama wa Isa. Kwa hiyo kabla hata ya wachunga kondoo wa Ureno, wanawake hawa wawili walikuwa wameshachangia jina.

Lilifikaje kijijini? Wareno wana hekaya. Mwaka 1158, wanasema, shujaa mmoja aliyeitwa Gonçalo Hermigues alimteka binti wa Kiislamu aitwaye Fátima, wakapendana, akabatizwa Oureana, ndipo Ourém ikapata jina. Bibi huyo alipofariki, mumewe akaingia utawa, na mahali alipozikwa mkewe pakaitwa kwa jina lake la kwanza. Siiamini sana, ni nzuri mno. Ila angalia kilichomo: mwanamke ananyang'anywa jina, na jina linaangukia ardhini na kubaki hapo.

Sehemu hiyo ya hekaya, naona, ni kweli tupu. Desemba 1496 Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru Wayahudi na Waislamu waondoke Ureno. Huyu ndiye Manuel ambaye mwaka uliofuata alimtuma Vasco da Gama, aliyetokeza Mombasa Aprili 1498 na kushangaa kukuta watu walewale aliodhani amewaacha nyuma. Hispania walikwenda mbali zaidi. Amri ya 1567 ya Mfalme Felipe wa Pili iliwakataza Waislamu waliobatizwa kwa nguvu kusema Kiarabu, kuvaa mavazi yao, hata kuitwa majina yao. Fátima likawa jina la kukutia matatani. Kati ya 1609 na 1614 waliobaki wakafukuzwa wote.

Fulton Sheen, askofu wa Marekani aliyevuma kwenye televisheni miaka ya 1950, aliandika kwamba Bikira Maria alichagua kutokea Fátima makusudi, iwe ishara kwa Waislamu. Wapo hadi leo wanaoliita jina hili daraja. Mimi sikubaliani. Jina liliweza kuwa la Kikatoliki kwa sababu hapakubaki Fatma hata mmoja mtaani wa kulidai. Kufika 1917 masikio ya Mreno wa kijijini yalisikia kijiji tu. Nyumba ilikuwa tupu kwa karne kadhaa, na aliyehamia hakumkuta mwenyewe.

Ushahidi wangu uko hapahapa kwetu. Nimezaliwa bara, nimeona makanisa na jumuiya za Bikira Maria wa Fatima, nimeona maandamano ya mishumaa ya tarehe 13. Sijapata kukutana na Mkatoliki wa kwetu aliyembatiza binti yake Fatuma. Hathubutu, na wala si kwa kukosa ibada. Fatuma ni jirani, anauza vitumbua pale kona, na mtoto wa Mkatoliki akiitwa hivyo atakwenda maisha yote akieleza. Jina lenye mwenyewe aliye hai haliazimwi kirahisi.

Sasa, huko Hispania, mwenye jina amerudi. Darasa moja linaweza kuwa na mtoto ambaye bibi yake alikwenda kuhiji Ureno, na mwingine ambaye bibi yake yuko Tetuán, Moroko. Mwalimu anaita Fátima, wanaitika wawili. Tofauti mara nyingi ni kialama kile juu ya a, maana jina lililotoka Moroko huja na tahajia ya Kifaransa, bila alama. Msumbiji hata alama haisaidii: Kireno ndiyo lugha ya ofisini, na Mwislamu na Mkatoliki wote huweza kuandikiwa Fátima sawasawa. Brazili utata ni nadra. Mwimbaji wao Fafá de Belém jina lake kamili linaanzia Maria de Fátima, na Fafá ndiyo kifupisho chao, kama sisi tunavyosema Fatu.

Yule mama alikaa siku nne. Usiku wa pili alishuka mwenyewe daku, bila kugongewa, akala uji na tambi na kila kilichokuwepo, kisha akarudi kulala na saa mbili asubuhi akala tena. Mpishi alimpenda. Nilipomweleza habari ya kijiji na nadhiri alisikiliza kwa heshima, kisha akamwomba mgeni atamke jina lake. Mama akatamka, mkazo mzito mwanzoni: Fáchima, kwa ile "chi" ya Wabrazili wengi.

"Umesikia, mwanangu?" mzee akanigeukia. Mimi mtu wa bara, mwenye kusema Fatuma na kukandamiza ile "tu" ya katikati, alikuwa amekwisha nisahihisha mara nyingi. "Huyu mwanzo anauvuta kama ustadhi wangu wa chuoni. Halafu katikati anaharibu."