Kaskazi ya Texas Siyo Ile ya Tanga

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mtoto wa pwani hufundishwa pepo kabla ya kufundishwa herufi. Kusi ikivuma, bahari huchafuka na wazee huanza kutafuta makoti yao. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, jua huwaka, embe huuzwa kwa mafungu, na zamani majahazi yalishuka kutoka Arabuni yakiwa yamesheheni tende. Kwa akili hiyo nilihamia Dallas, katika jimbo la Texas, nikiamini kwamba upepo wa kaskazini ni ndugu wa ukoo. Sijawahi kuwa na elimu iliyonitia hasara kama hiyo.

Jumatatu jioni mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni, kijana aliyebanwa na suti na mwenye tabasamu la mtu anayetangaza washindi wa bahati nasibu, alitandaza ramani iliyopakwa zambarau kutoka Kanada hadi mlangoni kwangu. Alieleza kwamba hewa nzito ya baridi, ikisukumwa na mgandamizo mkubwa, ingeingia Dallas Jumatano saa nane mchana, na kwamba usiku huo halijoto ingeshuka chini ya kiwango cha maji kuganda na kubaki huko hadi Ijumaa. Nilitamani watabiri wa kwetu, wenye utabiri wa kistaarabu wa mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua, ambao humwachia kila raia nafasi ya kuridhika. Huyu alinipa mpaka saa, kama mdai anayetaja siku atakayokuja kuchukua godoro.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alitoa namba mbili. Ya kwanza ilikuwa halijoto yenyewe, na ya pili ilikuwa halijoto unayoihisi baada ya upepo kuifagilia mbali ile hewa ya uvuguvugu inayouzunguka mwili, nayo kila mara huwa chini ya ile ya kwanza. Ni desturi ileile ya maduka ya hapa, ambapo kwenye rafu huandikwa bei moja na kwenye kaunta, baada ya kodi, ukalipa nyingine. Hakuna siku niliyowahi kusikia kwamba upepo umetupunguzia.

Jumanne mama alipiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza tunatarajia nyuzi ngapi, nami kwa uzembe nikamjibu kwa hesabu ya Farenhaiti, ambayo Wamarekani wameing'ang'ania, kwamba ni kumi na nane. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumi na nane si ndiyo Lushoto hiyo, mwanangu? Vaa sweta." Nikamweleza kwamba kumi na nane ya huku ni karibu nane chini ya sifuri ya kwetu, na kwamba hata maji hayafikishi hesabu hiyo yakiwa maji. Alinijibu kwamba tangu utotoni nilikuwa na tabia ya kukuza mambo.

Wenyeji wana utani wao kwamba kati ya Texas na Ncha ya Kaskazini hakuna kizuizi chochote ila uzio wa seng'enge. Utani huo una ukweli wa kijiografia, kwa sababu Milima ya Rocky imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na kwa hiyo hewa baridi ya Kanada huteremka kwenye tambarare kama maji kwenye mfereji, huku ikijipenyeza chini ya hewa ya joto na kuisukuma juu kwa kuwa yenyewe ni nzito zaidi. Tarehe 11 Novemba 1911, mji wa Oklahoma City, ulio jirani yetu upande wa kaskazini, ulipata siku moja iliyofikia nyuzi 28 za Selsiasi na kushuka hadi 8 chini ya sifuri kabla ya usiku wa manane. Mtu aliyetoka asubuhi hiyo na shati la mikono mifupi alirudi nyumbani na hadithi, kama alirudi.

Nilikwenda dukani nikakuta rafu za mkate, maziwa na mayai zimebaki tupu, jambo ambalo mpaka leo sijapata wa kunifafanulia, maana sijui kwa nini binadamu akitishiwa baridi huwaza kwanza mkate uliochovywa kwenye mayai. Unga wa mahindi ulikuwa umejaa tele bila kuguswa. Niliubeba kwa fahari ya mtu ambaye hatimaye amepata nafasi ya kuwacheka wenyeji.

Jioni hiyo tulipokea barua kutoka kwa wenye nyumba, ikiagiza kila mpangaji aache bomba lake likitiririka matone usiku kucha na afungue milango ya kabati lililo chini ya sinki ili joto la chumba liyafikie mabomba. Niliisoma mara tatu. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo maji yalitoka kwa mgawo, na mtoto aliyeacha bomba likidondoka alidondoka yeye machozi. Leo nalipa kodi, nalipa bili ya maji, halafu naamriwa kwa maandishi nimwage. Mke wangu, ambaye ana subira ya kusoma mambo mpaka mwisho, alinieleza kwamba maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kwamba bomba hupasuka kwa sababu maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa hukosa pa kwenda, kwa hiyo tone lile ni mlango wa dharura. Nilielewa. Hata hivyo nililala nikihesabu matone kama mtu anayehesabu senti zake zikitoka mfukoni, na mara mbili niliamka kwenda kulifunga, nikarudishwa kitandani kwa sauti ya, "Baba Rehema, liache."

Jumatano saa saba na nusu nilikuwa nje nimevaa fulana, halijoto ikiwa nyuzi 24, nikiwasimanga watabiri wote duniani huku nikimwagilia mchaichai wangu. Kisha upepo wa kusini ukakatika ghafla, ukimya ukatanda, na kule kaskazini nikaona ukanda wa mbingu wenye rangi ya bluu iliyokolea kama wino, ambao umefanya wenyeji waliite wimbi hilo upepo wa bluu. Dakika chache baadaye mfuko wa plastiki ulipita mbele yangu ukielekea kusini kwa mwendo wa pikipiki. Nilipomaliza kukibeba chungu cha mchaichai hadi ndani, mikono ilikuwa imeshasahau kazi yake. Mchaichai ukawekwa bafuni, ndani ya beseni la kuogea, na tangu siku hiyo tukaoga kwa kuuomba radhi.

Nakiri kwamba nyuma ya kelele zangu kuna hofu ya kweli, kwa kuwa nilikuwepo hapa Februari 2021. Tarehe 16 ya mwezi ule kipimo cha uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth kilifika karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 jimboni zilikosa umeme, kwa sababu vyanzo vya gesi na mitambo ya umeme viliganda wakati gridi ya Texas imejitenga kwa sehemu kubwa na zile za majimbo mengine. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Mimi niliyedhani nimeuaga mgao wa umeme nilipopanda ndege nilijikuta nikiwafundisha majirani jinsi ya kukaa gizani, na nilipofikiria kuingiza jiko la mkaa sebuleni mke wangu alisimama mlangoni, akisema kwamba mkaa katika nyumba iliyofungwa huua bila kupiga kelele. Alikuwa na haki, maana wako waliokufa hivyo wiki ile.

Umeme safari hii haukukatika. Alhamisi saa kumi alfajiri nilitoka kwenda zamu ya ghalani, nikalikuta gari limevikwa barafu ngumu kama kioo cha pili. Kikwangulio sina, kwa kuwa kila mwaka mwezi wa tatu huapa kwamba sitakihitaji tena, hivyo nikatoa kadi ya pointi za duka, ambayo katika miaka minne haijawahi kunipunguzia hata senti, nikaanza kukwangua. Ilinistahi mpaka nilipofungua tundu la ukubwa wa sahani, kisha ikavunjika vipande viwili. Mbele yangu palikuwa na makutano ya High Five, yenye ngazi tano za barabara zilizopandana angani, na madaraja ndiyo huganda mwanzo kwa sababu baridi huyapiga juu na chini. Nilikuwa nikikadiria ni ngazi ipi yenye heshima zaidi kwa mtu kuteleza, ndipo simu ikalia.

Alikuwa mama. Kule Tanga ilikuwa saa saba mchana. Niliweka sauti ya nje, simu nikaiegemeza juu ya boneti, nikaendelea kukwangua kwa nusu ya kadi.

"Mwanangu, huku hatulali," alisema. "Kaskazi imekaza, joto linatoka mpaka kwenye kuta, na feni ile ya zamani imekufa jana. Ukipata chochote tutumie tununue nyingine."

Kioo cha simu hakitambui glavu. Niliivua ile ya mkono wa kulia kwa meno, nikaanza kubonyeza namba ya siri kwa kidole ambacho sikuwa na hakika kama bado ni changu, na nilikosea mara mbili.