Msiingize waya kwenye jeti

Nianze na waya. Ule uzi mmoja unaochomolewa kwenye kebo kuukuu ya klachi. Fundi anaunyoosha kwa vidole, anautumbukiza kwenye jeti ya kabureta ya pikipiki, kile kitundu kinachopima mafuta yanayoingia kwenye injini, anasugua mbele na nyuma kama anayezibua kiko. Kisha anaipuliza jeti, anaielekeza juani, anachungulia kwa jicho moja na kutabasamu. Siku hizi nikiona hivyo naomba jeti yangu nirudishiwe, na urafiki kama ni wa kuisha uishe.

Wenye Yamaha DT za zamani, zile tustroki, yaani za injini ya mipigo miwili, za vumbi na makorongo walizopanda mabwana shamba na mapadri, wana wimbo mmoja: pikipiki hizi zinadeka. Leo inawaka kwa kiki moja, kesho inamisi, keshokutwa inaua plagi. Mimi nasema DT haideki. Nyingi zimeharibiwa na watu waliotaka kuzisaidia.

Jeti ni kipande cha shaba kisichofikia punje ya karanga. Tundu la jeti kubwa ni milimita moja na ushei, na ubavuni imechongwa namba: 120, 125, 130. Kutoka namba moja hadi inayofuata, tofauti ya tundu haifiki unene wa unywele. Sasa chukua waya wa chuma usugue shaba laini mara ishirini. Namba inasomeka 120 bado, ila tundu ni la jeti ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza. Wewe utakaa mwezi mzima unatyuni pikipiki kwa kufuata namba ya uongo. Jeti ikiziba, iloweke kwenye petroli usiku kucha, asubuhi uipige upepo wa kompresa. Ikikataa kabisa, unyoya mmoja wa mswaki wa nailoni unatosha.

Kosa la pili ni bisibisi. Pikipiki ikisumbua tu, mkono unakimbilia skrubu ya hewa pembeni mwa kabureta. Inazungushwa huku, inazungushwa kule, sikio limetegwa, na hakuna anayehesabu mizunguko. Lakini skrubu ile mamlaka yake yanaanzia sailensa, yaani injini inapounguruma resi ikiwa imeachiwa, na kuishia kwenye robo ya resi hivi. Hapo katikati anatawala sindano, ile inayopanda na kushuka ndani ya kabureta kufuata resi, na ukifungua resi yote, neno la mwisho ni la jeti kubwa. Pikipiki inayokosa nguvu mlimani ukiwa umevuta resi hadi mwisho, kuikazia skrubu ya hewa ni sawa na kumwendea balozi wa nyumba kumi kulalamikia bei ya petroli.

Tena wengi wanaizungusha kinyume. Kwenye kabureta za Mikuni za DT, skrubu ile inapitisha hewa, siyo mafuta. Ukikaza unaongeza mafuta, ukilegeza unayapunguza. Ikaze polepole hadi ikae, usiibane, kisha rudisha mzunguko mmoja na nusu. Washa, injini ipate moto sawasawa, halafu cheza robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi mlio upande na kutulia. Basi. Weka bisibisi chini.

Haya sikuyasoma nikiwa nimekaa. DT yangu ya cc 175 niliinunua Morogoro kwa bwana shamba mstaafu, nikaipandisha Iringa. Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya 1,500. Kufika mlima Kitonga ikaanza kukohoa, moshi mweusi, inawaka mlipuko mmoja inaruka mmoja. Plagi nikaitoa ikiwa nyeusi, imelowa. Hakuna kilichoharibika. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini jeti inaendelea kumimina mafuta yaleyale ya Morogoro, kwa hiyo mafuta yamezidi hewa. Nikaishusha jeti kutoka 130 hadi 120, nikashusha na sindano ngazi moja, ikawa inaimba.

Ujinga wangu ulikuja miezi minne baadaye, niliporudi chini na jeti ileile.

Tena kwa woga wa safari niliongeza oili kwenye petroli. Yamaha walileta Autolube mwaka 1964, pampu inayopima oili yenyewe, lakini ya kwangu mwenye mali wa kwanza alishaing'oa, nachanganya kwa mkono tangini. Badala ya sehemu moja ya oili kwa 32 za petroli nikaweka moja kwa 20, nikidhani naikinga injini. Kumbe jeti haijui ulinzi. Inapitisha kiasi kilekile cha kimiminika, na kila tone la oili lililozidi limekaa mahali pa petroli. Jeti ndogo, hewa nzito ya bondeni, petroli iliyopunguzwa, na petroli ikizidiwa na hewa injini inapata joto kupita kiasi: niliipika mwenyewe.

Nilipita Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, mibuyu pande zote, joto linapanda kutoka kwenye lami, resi imefunguka yote. Kwanza mlio ukawa mwembamba, mtamu kuliko kawaida. Huo utamu ndio wa kuogopa. Kisha nguvu ikapungua kama mtu ameshika breki kidogo, na kabla sijafikiri tairi la nyuma likagoma, likaandika mstari mweusi barabarani. Nilibana klachi, nikajikokota hadi pembeni. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Silinda ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa na michubuko ya wima upande wa bomba la moshi.

Baada ya kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya ikaja tabia nyingine: naachia resi, mlio unabaki juu, unashuka kwa kujivuta. Gereji tatu zikatoa hukumu moja, kabureta. Mmoja akataka kunifungia kabureta ya pikipiki ya Kichina, eti bolti zinalingana. Bolti zinalingana, ndiyo, lakini ile imepimwa kwa injini ya mipigo minne.

Nikaiacha ikiunguruma, nikapulizia mafuta ya kopo, yale ya kulegeza nati zenye kutu, kuzunguka mpira unaounga kabureta na silinda. Kwa chini, mahali jicho halifiki, mlio ukabadilika papo hapo. Ufa. Nikabadilisha mpira, na kwa kuwa tayari nilishaumwa na nyoka, nikabadilisha na sili ya krenki upande wa magneto. Kwenye tustroki mchanganyiko unapita kwanza chini ya pistoni, ndani ya nyumba ya krenki, ndipo upande juu. Sili ikichoka, injini inavuta hewa ambayo kabureta haikuihesabu, na hakuna skrubu itakayorekebisha hilo. Ndiyo maana nikiletewa DT inayosumbua, kabureta naigusa mwisho.

Kupima jeti kubwa sina sayansi nyingine. Plagi mpya, mwinuko mrefu ulionyooka, gia ya tatu, resi yote. Halafu kwa mpigo mmoja nabana klachi na kuzima, naiacha itembee yenyewe hadi isimame. Nikiikuta plagi ina rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani, narudi nyumbani. Ukiiacha iungurume sailensa kabla ya kuitoa, unasoma habari za skrubu, siyo za jeti.

Jumamosi nateremka tena Morogoro. Ile 130 iko mfukoni, nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na spana yake. Nitasimama Ruaha Mbuyuni, ninunue vitunguu, nikae chini ya mti niibadilishe.