Nusu ya data inayookolewa ni ya nani?

Kituo cha setilaiti kikihama kutoka MPEG-2 kwenda MPEG-4, yaani mfumo wa zamani na mpya wa kubana picha za video, watazamaji huambiwa kwamba teknolojia mpya inatoa picha ileile kwa nusu ya data. Ni kweli. H.264, ndiyo hiyo MPEG-4 ya vituo vya TV, ilifanya hivyo mwaka 2003, na mrithi wake HEVC ikaikata tena karibu nusu mwaka 2013. Kisichosemwa ni nusu hiyo inakwenda wapi.

Chukua transponda, kile chombo cha setilaiti kinachopokea na kurusha matangazo, inayotumia DVB-S (mfumo wa kurusha TV kwa setilaiti) na kubeba megabiti 38 za data kwa sekunde. Kila chaneli ya MPEG-2 ikipewa megabiti 4, zinaingia chaneli 9. Zibane kwa H.264 hadi megabiti 2, zinaingia 19, na gharama ya kukodi transponda haijaongezeka. Nusu yote imebaki kwa mrushaji. Akizidi kubana ili aongeze chaneli nyingine, ndipo kwenye mpira nyasi zinageuka rojo la kijani kila kamera inapokimbia, na mtazamaji anahangaika kuzungusha dishi ambalo halina kosa lolote.

Gharama, kwa upande wake, inamfuata mtazamaji. King'amuzi cha MPEG-2 hakiponi kwa kusasisha programu, maana kazi ya kufumua picha hufanywa na chipu yenyewe. Siku ya kuhama unaweza kusikia sauti vizuri kabisa huku kioo kikiwa cheusi: sauti imebaki katika mfumo wa zamani, picha imehama. Kifaa kizima kinatupwa. Na MPEG-2 si takataka. DVD zinaitumia hadi leo, na ikipewa biti za kutosha picha yake ni safi. Hataza zake (haki za wavumbuzi kulipwa) Marekani ziliisha 2018, ilhali wenye hataza za HEVC waligawanyika makundi, na kila kundi likadai ada yake.

Kwa HD, yaani picha kali zaidi ya kawaida, hata hivyo, sibishi. Chaneli moja ya HD kwa MPEG-2 inaweza kumeza megabiti 15, kwa hiyo transponda ile inabeba mbili tu. H.264 pia ina kichujio kinacholainisha kingo za miraba ambamo picha hugawanywa inapobanwa, ambacho MPEG-2 haina. 4K, iliyo kali kuliko HD, bila HEVC au mfumo mpya zaidi haibebeki kwa gharama ya maana.

Basi anayehama arushe mifumo yote miwili kwa muda wa kutosha, na atangaze wazi kila chaneli itapewa megabiti ngapi baada ya kuhama.