Askari wa bure chini ya mwembe

Jumapili moja ya Oktoba, joto la Lubumbashi likiwa limetukimbiza sote chini ya mwembe, mzee mmoja wa Kamalondo alinipa askari bure. Nilikuwa nacheza sataranji kwa kete nyeupe. Nilisukuma askari hadi mraba wa e4 (herufi ni safu, namba ni mstari), naye e5. Nikatoa farasi f3, naye akatoa wake f6. Nikamla askari wa e5. Badala ya kumfukuza farasi wangu, akaleta farasi wake wa pili c6, kama anayesema: haya, mchukue.

Ufunguzi huo, yaani hatua hizo za mwanzo, unaitwa Stafford, na niliujua. Wiki ile ile nilikuwa nimeupima kwenye simu kwa Stockfish, injini (programu ya sataranji) ya bure, nikaambiwa weupe wana faida ya karibu pointi mbili. Basi nikabadilishana farasi huku nikitabasamu. Nikasukuma askari e5, farasi wake akaruka e4. Nikasukuma d3 ili aondoke. Mzee hata hakumgusa. Alitoa askofu c5, akaendelea kumenya karanga.

Nikamla farasi. Askofu akashuka f2, akala, akimtisha mfalme. Nikimla huyo askofu, malkia wangu anabaki pale d1 bila mlinzi, macho kwa macho na malkia wake, na katikati hakuna mtu. Vijana waliosimama nyuma yangu wakapiga makofi. Hayakuwa yangu.

Kuran, yaani umeme, ilirudi saa nne usiku. Nikaifungua simu: badala ya d3, injini ilitaka d4. Askari yule yule, hatua moja zaidi. Kwa hiyo zile pointi mbili hazikuwa uongo. Uongo ulikuwa kudhani ni zangu kwa sababu nimezisoma.

Wengi wetu tunapima funguzi hivyo. Tunaweka hatua, tunasoma namba, tunafunga. Akiona -0.4, yaani weusi wana nafuu kidogo, mtu anautupa ufunguzi alioupenda miaka mitatu. Na namba yenyewe wachache wanajua inasema nini. Tangu Stockfish 15.1 ya mwaka 2022, +1 si askari mmoja tena. Maana yake ni kwamba injini, ikicheza na injini, ina nafasi ya nusu ya kushinda. Mimi na mzee wa karanga si injini.

Siku hizi naiomba inionyeshe njia tano za mpinzani, kisha naangalia pengo kati ya ya kwanza na ya pili. Kama zote tano ni nzuri kwake, wazo langu limekufa, hata namba ikiwa ndogo kiasi gani. Kama ni moja tu inayomwokoa, na hiyo moja inaonekana ya kijinga kwa jicho la binadamu, nauchukua ufunguzi huo nikatafute mtu wa kucheza naye. Halafu naweka mwenyewe zile hatua mbaya ambazo injini haizitaji kabisa, kwa sababu ndizo nitakazokutana nazo chini ya mwembe. Na naiacha ifikiri: inachosema kwenye kina cha 18, yaani umbali inaotazama mbele, inaweza kukikana kwenye 30. (Kwenye 30 simu yangu unaweza kuchomea muhogo.)

Hukumu za haraka hazikuanza na mashine. Mwaka 1961 Bobby Fischer, bingwa wa sataranji wa Marekani, aliandika kwamba King's Gambit, ule wa kusukuma askari f4 katika hatua ya pili, ni ufunguzi wa kushindwa tu. Alikuwa bado na uchungu, Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti alikuwa amemfunga kwa ufunguzi huo mwaka uliotangulia. Mwishoni mwa 1963 aliucheza mwenyewe dhidi ya Mmarekani mwenzake Larry Evans, akashinda.

Jumapili iliyofuata nilikuja nimejiandaa. Mzee akarudia Stafford yake. Safari hii, baada ya kubadilishana farasi, sikumsukuma askari hadi e5, nikaweka d3 moja kwa moja, na askari wa ziada nikambeba hadi mwisho. Tukageuza ubao. Yeye weupe: e4, nami e5. Akasukuma f4, akaniangalia juu ya miwani.

"Mutoto yangu, telefone yako inasemaka nini juu ya hii?"

"Inasemaka weusi wako muzuri kidogo, Papa."

Nikamla askari wa f4. Alinifunga katika hatua ya ishirini na saba.