Hatari iko kwenye miaka, au kwenye kuwa peke yako?

Mwaka 2022 wazee wawili waliingia baharini kila mmoja peke yake. Mfaransa Jean-Jacques Savin aliondoka Sagres, Ureno, tarehe 1 Januari, akipiga makasia kuivuka Atlantiki. Wiki mbili baadaye alitimiza miaka 75 akiwa majini. Mjapani Kenichi Horie, mwenye miaka 83, aling'oa nanga San Francisco mwishoni mwa Machi kwa mashua ya tanga ya mita sita hivi, akaikabili Pasifiki kuelekea kwao. Horie alifika Japani salama mapema Juni. Savin hakurudi. Usiku wa kuamkia 21 Januari vifaa vyake vya dharura viliita, na boti yake ikakutwa imepinduka karibu na visiwa vya Azores.

Wanaosema wazee watulie nyumbani hulitaja jina la Savin. Wanaosema waachwe hulitaja la Horie. Lakini aliyefika alimzidi mwenzake miaka minane, kwa hiyo umri peke yake hautoshi kutupa jibu.

Savin hakuwa mgeni wa mambo haya. Alikuwa askari wa miavuli, na mwaka 2019 alimaliza zaidi ya miezi minne akielea kuvuka Atlantiki ndani ya pipa la mbao lisilo na injini wala tanga, lenye kidirisha sakafuni cha kutazamia samaki. Safari ya mwisho alibeba mandolini yake na shampeni, akasema anakwenda kuucheka uzee. Mimi namwelewa. Mtu aliyelea watoto, akafanya kazi mpaka akastaafu, amebakiwa na nini cha kwake mwenyewe kama si siku zake? Kijana wa miaka 25 mwenye mtoto mchanga akipanda mlima wa barafu tunampigia makofi. Mzee asiye na mtu wa kumlisha akifanya hivyo hivyo tunamwita mjinga. Sioni haki hapo.

Upande wa pili nao una uzito wake. Mwili wa mzee hauna akiba: misuli imepungua, jeraha dogo linachelewa kupona, na hata hisia ya kiu hufifia, mtu akakaukiwa bila kujua. Siku za mwisho Savin aliwaarifu watu wake kwamba upepo na mawimbi vimembadilishia njia, na kwamba anasafisha maji ya chumvi kwa kifaa cha mkono, kazi iliyokuwa ikimla nguvu. Halafu kuna wale wanaoitwa usiku. Sheria ya bahari inamtaka nahodha amsaidie mtu aliye hatarini, mradi asiiangamize meli yake, na waokoaji nao hawaulizi kwanza ulikwenda kutafuta nini. Kwa hiyo usemi wa "mwili wangu, hatari yangu" hauwi kweli kamili.

Hata hivyo, ukiniuliza neno lipi ni zito kati ya "mzee" na "peke yake", nitakujibu la pili. Mwingereza Jeanne Socrates alikuwa karibu kabisa kukamilisha mzunguko wa dunia mwaka 2008 alipolala, mtambo wa kuongoza chombo ukaharibika, mashua ikapanda ufukwe wa Meksiko. Ajali hiyo ingemkuta hata msichana wa miaka 20, maana kila binadamu hulala, na aliye peke yake hana wa kumwachia usukani. Mama huyo alipata mashua nyingine, na mwaka 2019, akiwa na miaka 77, akauzunguka ulimwengu peke yake bila kutia nanga popote.

Wanaosimamia milima mikubwa wanaonekana kulijua hilo. Kilimanjaro hupandi bila kiongozi, uwe na miaka 20 au 80, lakini hakuna anayekurudisha langoni kwa sababu ya mvi. Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika kileleni akiwa na miaka 89. Nepal nayo mwishoni mwa 2017 ilipiga marufuku kupanda Everest peke yako.

Ninachokipinga waziwazi ni rekodi za umri. Rekodi nyingine zote, ukichelewa zinakukimbia. Hii, kadiri unavyongoja ndivyo inavyozidi kukuita, huku mwili ukizidi kukuaga. Min Bahadur Sherchan wa Nepal alifika kilele cha Everest mwaka 2008 akiwa na miaka 76. Yuichiro Miura wa Japani akampita mwaka 2013 akiwa na miaka 80. Sherchan akarudi kuidai rekodi yake, na mwaka 2017, akiwa na miaka 85, akafia kambi ya chini kabla ya kuanza kupanda.

Wahenga walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Mjomba wangu wa Pangani ana miaka 71 na bado hutoka na ngalawa peke yake kutazama madema yake, mitego yake ya samaki. Mwaka juzi wanawe walimfichia kafi na tanga. Kwa wiki tatu alishinda chini ya mti wa mkungu, akiwatazama wenzake wakirudi na changu na tasi, na chakula cha jioni akawa anakirudisha nusu. Nilikuwa upande wa wanawe mpaka nilipokwenda kumsalimu, nikamwona mikono yake imelala mapajani haina kazi.

Horie alipovuka Pasifiki mara ya kwanza, mwaka 1962, aliondoka Japani kwa kificho, bila pasipoti. Safari hii ya uzeeni alikuwa na simu ya setilaiti, na kila siku aliwapigia watu wake wasije wakaingiwa na wasiwasi. Mjomba amerudishiwa kafi na tanga. Simu yake ya tochi huifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuining'iniza shingoni, kusi likivuma hatoki, na mjukuu wake wa miaka 15 huteremka pwani adhuhuri kuhesabu ngalawa zinazoingia.