Kiatu Kimoja na Nusu

Nina karatasi ya faini mfukoni, na chanzo chake ni kiatu kimoja na nusu. Ndivyo gari langu lilivyouvuka mstari mweupe pale kwenye taa, kwa kipimo cha trafiki mwenyewe. Alipima kwa miguu, kisigino kikigusa kidole, akihesabu kwa sauti kama muuza kitambaa.

Alfajiri ile barabarani tulikuwa mimi, yeye na paka. Paka alipita kwenye nyekundu, hakuulizwa leseni.

"Afande, si nimesimama lakini?"

"Umesimama. Umesimama mbele."

"Kiatu kimoja tu, afande."

"Na nusu." Akarudia kupima, asije akanidhulumu.

Nikajikohoza kama mtu mwenye nafasi yake katika jamii. Nikamweleza kwamba mstari ule uliwekwa kumlinda mwenda kwa miguu, na mwenda kwa miguu mwenyewe saa hizi amelala, shuka hadi kidevuni. Nikampeleka hadi Uingereza, mwaka 1896, ambako Walter Arnold alikamatwa kwa kuendesha maili 8 kwa saa mahali pa maili 2. Polisi alimfukuza kwa baiskeli, na baiskeli ikamfikia! Wakamtoza shilingi moja. Nilitegemea atacheka.

"Alilipa?"

"Alilipa."

"Haya." Akafungua kitabu.

Hapo ndipo nikaropoka: "Afande, binadamu hukosea."

Kalamu ikasimama. Nikamtazama vizuri, macho mekundu. Kumbe naye alikesha na ile mechi.

"Na yule wa jana naye binadamu?"

Yule wa jana sina haja ya kumtaja. Nyota wetu, dakika ya mwisho, penalti, mpira juu ya mtambaa wa panya.

"Yule? Yule msaliti," nikadakia. "Mita 11! Goli lina upana wa mita 7.32! Mimi hata na kandambili nafunga."

"Na mshahara wote ule!"

"Auze hereni aturudishie usingizi wetu."

Tukawa ndugu. Akaegemea mlango wangu, tukamchambua kijana wa watu kuanzia nywele hadi soksi. Ile hatua ya kusitasita kabla ya kupiga, nani kamfundisha? Nikajisahau, nikasema hata Baggio wa Italia alipaisha penalti kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1994, na watu hawakumbuki kwamba wenzake Baresi na Massaro nao walikosa siku hiyo hiyo. Hata Messi alikosa penalti kwenye fainali ya Copa América dhidi ya Chile mwaka 2016, akasusa timu ya taifa kabisa, na kombe la dunia akaja kulibeba mwaka 2022.

"Wewe uko upande gani?" akaniuliza.

"Wako, afande. Nauliza tu, ule mpira wa jana ulipita juu kwa kiasi gani?"

"Kidogo mno. Ndiyo inayouma. Kama kiatu kimoja na..."

Akanyamaza. Akautazama mstari. Akanitazama mimi. Nikaweka uso wa mtu asiye na hatia, uso ambao mke wangu hajawahi kuuamini.

"Hutoki hapa bila faini," akasema, sasa kwa hasira.

Na hapo hapo, wallahi, lori lisilo na taa hata moja likapita nyekundu likitoa moshi kama jiko la kuni. Akalipungia mkono! Nikauliza, afande, na lile? "Lile limeshapita." Kwa hiyo kosa langu ni kusimama! Ningepita zangu kama lori, sasa hivi ningekuwa kitandani namtukana mchezaji kwa raha zangu. Huku kibao cha mwendo kimefunikwa na majani ya mti, kule taa ya waenda kwa miguu inakaa kijani muda wa kumtosha Usain Bolt, tena awe hana mzigo.

Akanirudishia leseni, lakini kwanza akaishika mbali, kisha karibu.

"Huyu ni wewe?"

Picha ile nilipigwa nikiwa nimefumba jicho moja. Nilimwambia mpiga picha arudie, akasema foleni ni ndefu na jicho lililobaki linatosha. Tangu hapo kila anayeishika leseni yangu ananitaka nifumbe jicho ndipo aamini. Nikafumba.

"La kushoto," akasema.