Dakika kumi na tano haitoshi hata salamu

Viatu bado viko na matope hapo mlangoni, sauti imenikauka kama nimemeza mchanga, na kabla hasira hazijapoa acha niandike hili jambo. Wikendi imeniishia kwa tamasha moja hapa Kisumu, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na sitataja jina lake juu sitafuti vita na mtu. Bango lilikuwa na majina 22. Benga ya magitaa ilikuwepo, ohangla ya ngoma za Waluo, nyatiti yao ya nyuzi, ngoma za isukuti za kutoka Kakamega, litungu ya Bungoma, nayo ya nyuzi, wazee wa obokano, ala kubwa ya nyuzi, kutoka Kisii, rege, gengetone ya vijana wa Nairobi, kwaya ya Jumapili, madijei sijui wangapi, alafu katikati ya bango picha ya staa mmoja wa Nairobi kubwa kuliko ya wengine wote wakiwekwa pamoja. Tiketi thao moja, yaani shilingi elfu, kwa siku. Binamu yangu alitoka Nakuru na matatu ya alfajiri akaja na mkeka na miwani ya jua, huyo ndiye mtu wa kwenda naye, hataki kukaa chini mpaka miguu imwambie.

Kitu cha kwanza, kuna watu hapa mtandaoni wanalia ati shida ni kuchanganya mitindo, ati ohangla na gengetone haziwezi kulala nyumba moja. Hapo mimi sikubali kabisa. Muziki wa huku umezaliwa kwa kuchanganywa. Benga yenyewe ni vidole vya nyatiti vilivyohamia kwa gitaa, ikapitiwa na rumba ya Kongo iliyokuwa inalia kwa redio, na mmoja wa waliobeba jina lake mbali zaidi, D.O. Misiani, kwao ni Shirati upande wa Tanzania, akaja akaishi na kupiga muziki huku mpaka ajali ya barabarani ikamchukua hapa Kisumu mwaka wa 2006. Kwa hivyo wacheni hizo za kulinda mipaka. Jumamosi niliona vijana wa rege wamesimama pembeni wanatazama mzee wa litungu midomo wazi, na hakuna aliyewaita. Kuchanganya ni sawa. Ugomvi wangu uko kwa saa, yaani ile ya mkononi: kila kundi linapewa robo saa tu.

Mzee wa nyatiti alipangiwa saa tisa mchana Jumamosi. Wenye mnaishi hapa mnajua jua la Kisumu la saa tisa. Alikuja na nyatiti imefungwa kwa leso, akakaa kwa kile kigoda chao kifupi, akafunga gara, zile njuga, kwa mguu wa kulia, akavaa oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole cha mguu. Kijana wa saundi akaja na stendi ndefu ya maiki akaiweka usawa wa mdomo wa mtu aliyesimama. Mzee akamwangalia. Akamwambia kwa upole, "Kijana yangu, hii kitu inaongea chini." Kijana akainama, akaizunguka nyatiti mara mbili, na mimi nilikuwa karibu na steji kwa hivyo nasema nilichoona kwa macho yangu, alikuwa anatafuta mahali pa kuchomeka waya. Nyatiti! Bakuli la mti limevikwa ngozi ya ng'ombe, nyuzi nane ambazo siku hizi ni za nailoni ya kuvulia samaki, yeye anatafuta tundu la waya.

Mwishowe akachomoa maiki ya ngoma akailaza chini. Fiti. Mzee akaanza kugonga ile pete ubavuni mwa nyatiti, ndiyo mdundo wenyewe, ndiyo ngoma ya huyo mtu, maana mpiga nyatiti ni bendi nzima kwa mtu mmoja: mkono, mdomo na mguu. Kijana akasikia du du du kwa spika akadhani ni hitilafu. Akashusha. Mzee akagonga zaidi, kijana akashusha zaidi. Tulibaki na nyuzi zinalia peke yake kama redio ya jirani, na kule nyuma watu wanaambiana huyu mzee mbona hana nguvu.

Alafu akasimamisha akaze nyuzi, juu hilo jua linazilegeza, na emsii hawezi kuvumilia kimya hata sekunde tatu, akarukia maiki, "Mzee wetu anajipanga jamani, mpigieni makofi, na usisahau wadhamini wetu leo wana ofa hapo kwa hema!" Nilihesabu kwa simu. Kupiga kwenyewe ilikuwa dakika tisa. Ya kumi ilikuwa dijei anapandisha wimbo wake taratibu kutoka nyuma, mzee bado anaimba.

Nikamfuata nyuma ya steji, anafunga leso yake. Nikamwambia pole jaduong', yaani mzee wangu, wamekukata. Hata hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu ambaye amezoea. Akasema, "Sikuwa nimeanza. Nilikuwa bado nasalimia watu."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike. Kwa sababu ni kweli, si mafumbo. Mpiga nyatiti anaanza kwa kujitaja yeye ni nani, mtoto wa nani, ametoka wapi, nani amemwita, anawaona kina nani wamekaa mbele. Stori inakuja baadaye. Sasa wewe mwandalizi umemwita mtu nyumbani kwako, amekaa, anauliza hali ya watoto, na wewe umeshamfungulia mlango atoke.

Na si nyatiti peke yake. Chukua benga. Benga ya kawaida inaanza pole, mtu anaimba maneno yake, anataja majina, anamsifu fulani, alafu inafika mahali sauti inanyamaza na gitaa linachukua usukani, besi inaanza kukimbia, solo inapanda juu kabisa, na hapo ndipo vumbi linaamka. Zile sahani ndogo za zamani za santuri hazikuweza kubeba hiyo safari yote, kwa hivyo walikuwa wanaikata katikati, sehemu ya kwanza upande huu, unageuza, sehemu ya pili upande ule. Kwa sahani tunaelewa, nafasi haikuwepo. Kwa uwanja wenye umeme na usiku mzima mbona mnakata? Jumamosi bendi moja ya benga ya kutoka upande wa Siaya walipiga nyimbo mbili na nusu. Ile nusu iliishia pale pale gitaa lilipokuwa linataka kuongea. Binamu yangu alikuwa ameshavua viatu ameviweka kwa mkeka. Akavivaa tena polepole bila kuniangalia.

Alafu kuna pakruok, na hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Kwa ambao hawajaishi huku, pakruok ni ile ya mtu kutoka kwa meza yake na hela mkononi, anafika kwa mwanamuziki, muziki unashushwa, anashika maiki anajisifu. Yeye ni nani, wanamwita nani, anafananishwa na mnyama gani, nani amthubutu. Mwenzake naye anatoka meza ile ingine anamjibu kwa noti kubwa zaidi. Watu wanakufa kicheko, mwanamuziki anapata chakula chake, na wimbo unakua mrefu kwa sababu nyumba nzima imeingia ndani yake. Ndiyo maana ohangla kwa klabu za Kondele hapa Kisumu inaweza kwenda robo saa, nusu saa, na hakuna anayeangalia saa. Sasa kwa hili tamasha steji iko juu mita mbili, chini kuna uzio wa chuma, kati ya uzio na steji kuna mabaunsa, na mbele ya sisi wote kuna viti vyeupe vya VIP ambavyo nusu havikuwa na mtu. Mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, alitoa noti ya 500 akataka kwenda kujisifu kwa kundi la ohangla. Baunsa akamwonyesha arudi. Akajaribu kueleza. Akarudishwa. Alisimama hapo na noti yake juu kama mtu anayesimamisha matatu iliyojaa.

Isukuti nao. Hii ngoma ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwa ile orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na wakati ule sote tulipiga vifua. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe, njuga, na kazi yake ni kutembea. Inasindikiza bwana harusi, inasindikiza jeneza, inasindikiza fahali akienda kupigana kule Khayega, watu wanajaa nyuma yake mpaka hujui nani ni mchezaji na nani alikuwa anaenda posho mill. Mimi kwetu ni upande huo, nimekimbia nyuma ya isukuti nikiwa na kaptula iliyopasuka. Jumapili waliwapanga mstari mmoja steji, wakaambiwa wasivuke tepu nyeusi sababu ya kamera. Unaona mguu wa mtu unaenda, unakumbuka tepu, unarudi.

Sasa tufanye hesabu ndogo, hii sijaitoa popote ni ya kidole. Majina 22 kwa siku mbili ni 11 kwa siku. Ratiba ilisema kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, ila ilianza saa kumi na nusu, mzee wetu wa saa tisa alipanda kitu saa kumi na moja kasoro na jua bado linamngoja. Umebaki na saa saba na nusu. Staa amechukua saa moja na nusu yake, haguswi. Zinabaki saa sita. Kila kundi likitoka, kutoa ngoma na kuweka kibodi ni robo saa ukiwa na bahati, mara kumi, hizo ni saa mbili na nusu za kuangalia watu wakivuta waya. Makundi kumi yanagawana saa tatu na nusu, dakika 21 kila mmoja. Toa hotuba ya mheshimiwa, toa wadhamini, toa emsii na vichekesho vyake vya mwaka juzi, umefika kumi na tano. Hakuna mtu mbaya aliyekaa chini akasema tuwadharau wazee. Ni bango tu. Bango likiwa refu, muziki unakuwa mfupi.

Na huyo staa, hapa nitaongea taratibu kwa sababu nazipenda nyimbo zake. Alikuja na flashi, nyimbo zimesharekodiwa. Watu wazima tumelipa thao kuona kitu laivu, jamaa anashika maiki mbali na mdomo na sauti yake inaendelea kuimba vizuri tu. Saa moja na nusu! Waliokuja na nyuzi, ngozi, pembe na jasho wakapewa robo saa. Kuna mtu ataniambia staa ndiye anayeuza tiketi, bila yeye wale wazee hawapati hata hiyo robo. Inawezekana ni kweli, na sitajifanya najua kuendesha tamasha, jenereta peke yake ingenimaliza. Wengine watasema kila kaunti inataka kuona mtu wake kwa bango, ukimwacha mmoja simu zinaanza. Hiyo pia naelewa. Lakini kumpandisha mtu ili aonekane na kumpandisha ili asikike si kitu kimoja, na mimi nililipia masikio.

Ingekuwa mimi, makundi manane basi, manne kwa siku, kila mmoja saa nzima. Steji ya pili ndogo, chini kabisa, ardhini, bila uzio, hapo chini ya miti, mkeka na balbu mbili, maiki tatu, moja ya mdomo moja ya nyuzi moja ya mguu, na fundi wa saundi ambaye amelipwa kuja siku moja mapema kukaa na mzee na kumsikiliza. Steji kubwa ikibadilisha waya, ile ndogo inapiga. Nyatiti ipande saa tatu usiku wakati upepo wa ziwa umeingia na watu wameshakula samaki. Binamu yangu anasema kule Nakuru mtu wa mugithi, ule muziki wa Wakikuyu wa gitaa, anaingia klabu na gitaa moja na kibodi inayojipiga ngoma, anaanza saa nne usiku na mnaachana naye kukipambazuka, na hakuna siku mtu amemwonyesha saa. Sasa mbona sisi tukiwa na uwanja na wadhamini tunakuwa wachoyo?

Nimekumbuka, nilimuuliza yule mzee wa nyatiti nimpate wapi akiwa amefunguka. Akaniambia Jumamosi ijayo ana matanga mahali, ataanza jioni aende hadi asubuhi. Nikamuuliza kama mtu ambaye hakumjua marehemu anaweza kuja tu. Alicheka mpaka akaweka nyatiti chini.

"Njoo," akasema. "Nitakutaja kwa salamu."